Kumkabidhi mhudumu wa afya kazi wodini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiwa muuguzi Dar es Salaam, iwe kwenye wodi kubwa ya hospitali ya rufaa au zahanati ya vyumba vinne Mbagala, zamu yako haiishi bila mhudumu wa afya. Maswali haya ni yale ninayoulizwa tena na tena na wauguzi wapya, na wahudumu wenyewe, na ndugu wanaoshinda na mgonjwa wao. Nimeanza na ya msingi, magumu yako mwishoni. Palipo na jibu lililokwisha kutolewa kwingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Nani ni nani

1. Mhudumu wa afya ni nani, na ana tofauti gani na muuguzi?

Mgonjwa kitandani humwita kila mwenye sare "nesi" au "sista", na mkanganyiko huanzia hapo. Muuguzi ni mtu aliyesomea uuguzi chuoni, akasajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na ana leseni hai. Mhudumu wa afya hayumo kwenye daftari la Baraza. Wapo waliopitia kozi, wapo waliojifunza kazi wodini kwa miaka mingi wakimtazama aliyewatangulia.

Hilo halimshushi hadhi. Nimefanya kazi na wahudumu ambao jicho lao kwa mgonjwa anayeanza kubadilika lilikuwa kali kuliko langu. Lakini uamuzi wa kiuguzi ukihojiwa, anayeitwa kujibu ni mwenye leseni.

Usimchanganye na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba mtaani. Huyo ana utaratibu wake na wasimamizi wake.

2. Kukabidhi kazi ni nini hasa?

Kwenye semina utasikia "kukasimu majukumu". Wodini tunasema tu "nimempa kazi" au "nimemtuma". Ni pale muuguzi anapochukua kazi iliyo sehemu ya uuguzi, akampa mtu asiye na leseni aifanye, huku mwenyewe akibaki na wajibu wa kile kitakachompata mgonjwa. Kinachohama ni kazi ya mikono. Kumfikiria mgonjwa kunabaki kwako.

Kudeki, kutandika kitanda kitupu au kupeleka sampuli maabara hakuhesabiki; hizo ni kazi zake tangu siku aliyoajiriwa. Na ukimwachia muuguzi mwenzako mgonjwa, huko ni kupokezana zamu: naye ana leseni, naye atajibu mwenyewe.

3. Sheria inasemaje?

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inamtaka anayefanya kazi ya uuguzi awe ametambuliwa na Baraza na awe na leseni. Kwa hiyo huwezi kumpa mtu mwingine uuguzi wako mzima, hata kwa saa moja, hata kama anaujua. Unachoweza kumpa ni kazi moja moja, ndani ya maelezo ya kazi yake na utaratibu ulioandikwa wa kituo chako. Kama hujawahi kuyaona maelezo ya kazi ya mhudumu wa wodi yako, muombe matroni au inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) akuonyeshe kabla ya zamu yako ijayo. Wauguzi wengi hawajawahi kuyasoma, na wahudumu wengi hawajawahi kupewa nakala yake.

Vijana wengi hujifunza mambo haya kutoka kwenye video na vitabu vya nje, kwa hiyo niseme wazi: utaratibu wa huko ni wa huko. Marekani, msaidizi wa muuguzi kwenye nyumba za wazee lazima awe na angalau saa 75 za mafunzo kwa sheria ya taifa zima, na yapo majimbo yanayomruhusu msaidizi mwenye mafunzo ya ziada kutoa dawa. Uingereza walianzisha cheti cha huduma chenye viwango 15 mwaka 2015, baada ya kuonekana kwamba wasaidizi wengi walikuwa wakiingia wodini bila mafunzo yanayofanana. Kuona msaidizi wa Chicago akigawa vidonge hakumpi mhudumu wa Temeke ruhusa hiyo.

## Kazi zipi ndiyo, zipi hapana

4. Kazi gani ninaweza kumkabidhi bila wasiwasi?

Kazi inayofanyika kwa namna ileile kila mara, kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, na ambayo matokeo yake unaweza kuyakisia kabla. Kumwogesha mgonjwa kitandani, kumsafisha kinywa, kumsaidia kula kama anameza vizuri, kumpeleka chooni au kumpa choo cha kitandani, kumgeuza, kumwaga mkojo wa mfuko wa katheta (mrija wa kutolea mkojo) na kuandika mililita ngapi.

Usizidharau kazi hizi. Januari na Februari, joto la Dar likishika, mgonjwa wa kiharusi aliyelala juu ya makintoshi, lile shuka la mpira, analowa jasho mgongo mzima. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kidonda cha mgandamizo kinaweza kuanza kabla ya wiki kuisha, na kikishafunguka pale juu ya makalio kitamtesa miezi. Anayekizuia ni mhudumu mwenye mikono miwili na shuka kavu. Akikwambia "sista, hapa kwenye kisigino pamekuwa pekundu na hapapauki nikibonyeza", nenda ukaone muda huohuo. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo mfundishe kushika pia: pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu.

Kwa mfuko wa mkojo, mwelekeze mambo mawili: mfuko usiinuliwe juu ya usawa wa kibofu, na mdomo wa kutolea usiguse sakafu. Kisha mpe namba. Mtu mzima akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, wewe unatakiwa kujua.

5. Kazi gani hazikabidhiwi?

Kumpokea mgonjwa mpya na kumtathmini. Kupanga huduma yake. Kuamua kama amepata nafuu au amezidiwa. Kumwelekeza anayeruhusiwa kurudi nyumbani. Dawa za aina yoyote, sindano, dripu, kuingiza kanula (kimrija cha kwenye mshipa wa damu) au katheta. Kumfuatilia mama aliye katika uchungu. Kuhakiki na kutundika damu, pamoja na kukaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, kwa sababu madhara makubwa ya damu isiyolingana huanza kujionyesha hapo, na anayetakiwa kufunga dripu ile na kuamua kinachofuata ni wewe.

Ukitaka kipimo kimoja cha haraka: je, katikati ya kazi hii kuna mahali mtu atahitaji kuamua? Kama papo, kazi hiyo ni yako.

6. Na kupima presha, joto, mapigo na kupumua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonipa somo ambalo sitalisahau.

Ndiyo, mhudumu aliyefundishwa na ukamwona akifanya anaweza kupima, kwa mgonjwa aliyetulia. Lakini namba bila mtu wa kuisoma haimsaidii mgonjwa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya wazazi, hospitali ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimeshikwa na mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Nikamwambia mhudumu, kijana mtiifu na mwangalifu, "Kapime presha wodi nzima, uandike." Akapima wodi nzima. Kwenye kitanda cha kona alikuwapo mama aliyejifungua siku mbili kabla. Kijana akaandika kwenye mstari wake, kwa mwandiko safi kabisa: 168/112. Akahamia kitanda kinachofuata.

Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyepiga kelele, saa mbili baadaye, kwamba mwenzake anatetemeka. Kilikuwa kifafa cha mimba, ambacho huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Daktari akaja mbio, tukampa magnesiamu salfeti na dawa ya presha, na kwa rehema za Mungu alipona, akarudi nyumbani na mtoto wake. Asubuhi nilimuuliza kijana kwa nini hakuniita. Akanijibu kwa upole, "Sista, uliniambia nipime na niandike. Nimeandika." Alisema kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba mzazi akifika 160 kwa 110 ni dharura ya dakika ileile. Aliyetakiwa kumwambia ni mimi.

Tangu siku hiyo simtumi mtu kupima bila kumpa namba ya kurudi nayo mbio. Kwa watu wazima walio wengi huwa naanzia hapa: mapigo chini ya 60 au juu ya 100, kupumua chini ya mara 12 au zaidi ya 20 kwa dakika, joto kuanzia 38, oksijeni chini ya 94. Mgonjwa mwenye sababu yake, kama yule wa mapafu ya siku nyingi, anapewa namba zake mwenyewe. Kwa mtoto, kupumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, ni kupumua kwa kasi.

Mengine ni ya kuonyesha kwa vitendo. Mkanda wa presha ulio mdogo kwa mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli. Mgonjwa aliyetoka kupanda ngazi apumzike dakika tano kwanza. Piko nyeusi au rangi ya kucha inaweza kukipoteza kifaa cha oksijeni cha kidoleni, kwa hiyo ajaribu kidole kingine kisicho na rangi. Na kupumua kuhesabiwe dakika nzima, kwa kutazama saa. Ukifungua chati ukakuta wagonjwa wote wa wodi wanapumua mara 20, jua hakuna aliyehesabu.

7. Naweza kuandaa dawa kwenye kikombe, yeye akampelekea mgonjwa tu?

Hapana. Najua inafanyika. Kutoa dawa kunakwenda mpaka umeona imemezwa na mtu sahihi. Vikombe viwili vikibadilishana kati ya chumba cha dawa na kitanda cha nane, hakuna atakayejua. Nimewahi kukuta vidonge vya siku tatu vimefunikwa na mto wa bibi mmoja aliyekuwa akivitema kila mhudumu akigeuka. Bibi alikuwa na kidonda cha koo na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mhudumu anaweza kukusaidia kumkalisha mgonjwa, kumpa maji ya kumezea na kumtuliza mtoto. Kikombe kibaki mkononi mwako.

8. Kumlisha kwa mrija wa puani je?

Hili lina ubishi, na vituo havifanani. Kuingiza mrija na kuhakikisha uko tumboni ni kazi ya muuguzi, kila mara kabla ya kulisha. Kumimina uji mwepesi ukiwa umeshahakikisha, kwa mgonjwa aliyezoea mrija huo, baadhi ya vituo humruhusu mhudumu aliyefundishwa. Kama utaratibu wa kituo chako hausemi lolote, lisha mwenyewe.

Pale inaporuhusiwa: kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, uji ushuke wenyewe bila kusukumwa, na mgonjwa abaki ameinuka angalau nusu saa baada ya kumaliza. Akikohoa, akibadilika rangi au akianza kuhema, asimamishe na aite.

9. Kusafisha kidonda?

Kidonda cha upasuaji, cha kuungua au cha kisukari kisafishwe na muuguzi, kwa sababu kila ukifungua bandeji unafanya tathmini: kina harufu gani, kimepungua au kimepanuka. Mhudumu akusaidie kushika mguu na kuandaa vifaa.

## Namna ya kukabidhi

10. Nizingatie nini kabla sijampa mtu kazi?

Wauguzi wa Marekani wana mambo matano wanayoyafundisha, na mwongozo wao wa 2019 umeyarudia: kazi sahihi, hali sahihi ya mgonjwa, mtu sahihi, maelekezo sahihi, na usimamizi sahihi. Yanafaa hata huku. Katika hayo, linalotuangusha zaidi kwa macho yangu ni hali ya mgonjwa. Kumwogesha mgonjwa ni kazi ya mhudumu. Kumwogesha mgonjwa anayehema na aliyeongezwa oksijeni asubuhi hii, hapana, au muogeshe pamoja. Kazi ileile iliyofaa jana huenda leo haifai.

La mtu sahihi nalo lina mtego. Usiulize "unajua kupima presha?" Kila mtu atajibu anajua. Sema "nipimie mimi kwanza."

11. Nimwambie nini hasa, kwa maneno?

Nani, nini, lini, namba gani au dalili gani imrudishe kwako, na utakuwa wapi. Kisha aseme yeye, kwa maneno yake. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Naomba unisaidie kitanda cha saba, yule mama wa upasuaji wa jana. Mpimie presha sasa hivi, halafu saa sita, halafu saa nane. Ya juu ikifika 140, au ya chini 90, au akilalamika kichwa kinamuuma au macho hayaoni vizuri, acha ulichoshika uje uniite. Niko chumba cha dawa. Usingoje umalize wengine."

"Marahaba. Haya, mwanangu."

"Nisaidie mama, utaniita ukiona nini?"

"Mia na arobaini juu. Tisini chini. Au kichwa, au macho."

Mazungumzo haya hayafiki dakika moja. Neno "mwangalie kitanda cha saba", bila zaidi, ndilo neno la hatari kuliko yote wodini. Yeye ataangalia, ataona mgonjwa amelala, ataridhika. Wewe ulimaanisha presha.

12. Mhudumu ni mkubwa kwangu kwa umri. Nikimwelekeza si nitaonekana sina adabu?

Hofu hii ni ya kweli na inawanyamazisha vijana wengi wanaotoka chuoni. Umekuta mama wa umri wa mama yako, yuko wodi hiyo tangu wewe uko shule ya msingi, na leo karatasi inasema wewe ndiye unayemwelekeza.

Mwamkie. Muite mama, au jina analoitwa na wenzake. Omba badala ya kuamrisha, kama mfano wa swali la 11: neno "naomba" halipunguzi uzito wa namba uliyompa. Muulize pia anachokijua: "Mama, huyu baba umemwonaje tangu jana?" Atakwambia mambo ambayo hayamo kwenye faili. Ila heshima isigeuke kumwachia aamue. Akikwambia "sisi hapa siku zote sindano hii nachoma mimi", mjibu kwa upole na bila kuyumba: "Nashukuru mama, lakini hii itabaki kwangu, leseni yangu ndiyo itakayoulizwa." Akiendelea, nendeni wote wawili kwa inchaji, faragha. Kumkaripia mtu mzima mbele ya wagonjwa ni kosa la kiutu, na pia ni hatari: kesho akiona jambo baya atasita kukuambia.

13. Nimfuatilieje bila kumsimamia kichwani?

Pita uone mwenyewe kwa mgonjwa mmoja au wawili. Rudia kipimo kimoja. Weka saa mliyokubaliana akuletee majibu, na akileta jambo dogo lililogeuka kuwa si kitu, mshukuru. Ukimjibu "kumbe ni hilo tu?" hatakuja tena.

14. Nani aandike kwenye chati?

Aliyepima aandike alichopima, muda, na jina lake. Wewe uandike ulichofanya baada ya kukiona. Usisaini kipimo ambacho hukukifanya kana kwamba ni chako. Na wote wawili msipige picha ya chati au ya mgonjwa kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wodi, hata kwa nia ya kuomba ushauri: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na simu huibwa kila siku kwenye daladala.

## Mambo yakiwa magumu

15. Niko peke yangu usiku, wagonjwa 30, mhudumu mmoja. Kanuni hizi zinawezekana?

Zinawezekana kwa sehemu, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Anza zamu kwa kupita vitanda vyote pamoja na mhudumu. Chagua wagonjwa wanne au watano ambao hutamwachia kwa lolote zaidi ya usafi, muonyeshe ni akina nani na kwa nini. Waliobaki, mpe orodha fupi yenye namba za kurudi nazo.

Mjulishe msimamizi wa zamu mapema kwamba wodi imelemewa, na uandike kwenye kitabu cha ripoti saa uliyomjulisha. Hii si kujikinga tu. Uhaba usioandikwa hauonekani na anayepanga watumishi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 wa kugawana kazi kwa watumishi wa ngazi tofauti ulitolewa kwa sababu ya uhaba kama huu, wakati nchi nyingi za Afrika zilipokuwa zikilemewa na huduma za UKIMWI, na hata huo ulitaka mafunzo na usimamizi viende pamoja. Uchache wa watu haugeuzi sindano kuwa kazi ya mhudumu.

16. Mhudumu akikosea, nani anawajibika?

Inategemea kosa limetoka wapi. Kama ulimpa kazi isiyo yake, au hukumwelekeza, au hukufuatilia, wewe utajibu, kama nilivyostahili kujibu kwa kisa cha swali la 6. Kama kazi ilikuwa sahihi, umemwelekeza, amerudia mwenyewe maelekezo, kisha akaandika namba ambazo hakuzipima, yeye atajibu kwa mwajiri. Na kama kituo kimempanga peke yake mahali panapohitaji muuguzi, uongozi nao una la kujibu.

Kwa vyovyote, mgonjwa kwanza. Mwone, mwite daktari, andika kilichotokea kwa mpangilio wa saa bila kumpaka mtu matope. Mazungumzo ya nani alikosea yafuate baadaye.

17. Akijichoma na sindano iliyotumika?

Aoshe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue damu, na apelekwe palepale kuanzishiwa dawa za kinga dhidi ya VVU. Zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72. Homa ya ini aina ya B isisahauliwe, na ulizia kama aliwahi kuchanjwa. Wengi wa wahudumu ninaowafahamu hujichoma wakati wa kukusanya takataka, kwa sindano ambayo muuguzi au daktari aliiacha kwenye trei au kitandani. Aliyechoma ndiye anayepaswa kuitupa, kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, ambalo lifungwe likifika robo tatu.

## Kwa wahudumu na kwa ndugu

18. Mimi ni mhudumu. Daktari au muuguzi ananituma kuchoma sindano, nikikataa naogopa kufukuzwa. Nifanyeje?

Una haki ya kusema hujafundishwa na si kazi yako. Sema kwa namna inayomfikiria mgonjwa: "Dokta, sindano siruhusiwi, naomba nimwite sista sasa hivi." Kisha kamwite kweli. Ukirudiwa mara ya pili na ya tatu, mwambie inchaji, na uweke tarehe kwenye daftari lako. Kwenye zahanati ndogo za binafsi najua mambo ni mazito, mwenye kituo anataka mtu mmoja afanye yote. Hata hivyo sindano iliyopigwa vibaya kwenye makalio ya mtoto inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kumwacha akichechemea maisha yake yote. Hilo jambo ni zito kuliko ajira, nalisema nikijua ajira ina maana gani kwako.

19. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kukabidhiwa?

Ndugu tayari wanafanya nusu ya kazi: wanaleta uji, wanaogesha, wanageuza. Wafundishe kama unavyomfundisha mhudumu, hasa kulisha. Mgonjwa wa kiharusi mjaribu wewe kwanza kama anameza, kwa kijiko kidogo cha maji akiwa ameketi wima. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, ndugu aambiwe asimpe kitu mdomoni, hata kijiko kimoja cha supu, hata mgonjwa akiomba. Waambie sababu, maana mama mzazi akiambiwa tu "usimpe" atampa ukigeuka, kwa mapenzi.

20. Mzee wetu ana kiharusi na anahudumiwa nyumbani na dada wa kazi. Muuguzi huja mara mbili kwa wiki. Nani anamkabidhi nani?

Hali hii imeenea sasa Tabata, Kimara, Mbezi, kote ambako watoto wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Yule dada, mara nyingi msichana kutoka mkoani aliyeajiriwa kupika na kufua, ghafla amekuwa ndiye anayemgeuza mzee na kubadilisha nepi. Muuguzi anayekuja ndiye wa kumwelekeza katika yale yanayohusu afya, na familia imlipe kwa kazi hiyo ya ziada na impe usingizi. Mtu aliyekesha hawezi kugeuza mtu kila saa mbili mchana kutwa.

Kazi za swali la 4 anaweza kuzifanya akionyeshwa. Dawa za nyumbani zisimamiwe na mwanafamilia mmoja aliyetajwa kwa jina; azipange kila asubuhi na awe ndiye wa kuulizwa. Sindano ya insulini asichome dada kwa sababu tu alimwona muuguzi akichoma. Kama hakuna njia nyingine, afundishwe mwanafamilia, mbele ya muuguzi, mpaka afanye mwenyewe bila kusaidiwa, na ajue dalili za sukari kushuka: jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa.

Wekeni daftari la shule karibu na kitanda, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Dada aandike saa aliyomgeuza, upande gani, amekula nini, amepata choo lini. Kama hajui kusoma vizuri, chora mshale wa kushoto na wa kulia, yeye atie alama. Namba ya simu ya muuguzi iandikwe kwa kalamu nene kwenye jalada. Nawe muuguzi ukifika, baada ya kumwamkia mzee, fungua daftari kabla hujafungua begi la vifaa. Ukikuta siku iliyoachwa wazi, muulize dada taratibu, mkiwa wawili tu, siku hiyo ilikuwaje.